Mwanasayansi wa Stockholm aliyeufuata uvimbe wa Nairobi hadi ndani ya jeni

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru haichoki kupanda na kushuka. Mji wa Embu uko kwenye mwinuko wa mita 1,350 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukishapita Runyenjes na Chuka, ukavuka daraja la Mto Nithi ambalo madereva hulikaribia kwa dua, kisha ukaiacha Nkubu nyuma, unavuka ikweta kabla ya kuingia Meru mjini, ambako mwinuko umefika mita 1,500 na ushei. Mkono wa kushoto kahawa inapanda hadi kwenye majani chai na msitu wa Mlima Kenya. Mkono wa kulia ardhi inaporomoka kuelekea Mbeere na Tharaka, kwenye mtama, ndengu na jua kali. Juu, wengi hawana habari na chandarua. Chini, mvua ikinyesha, malaria haiko mbali.

Tofauti hiyo ya mita mia chache iliwahi kuwa swali kubwa la sayansi ya saratani duniani. Jibu lilitafutwa Kampala, Nairobi, London na Philadelphia, na sehemu yake nzito ilitoka katika maabara ya Stockholm ya mwanasayansi aitwaye George Klein. Kwa zaidi ya nusu karne, Klein alichunguza lukemia, limfoma na jeni zinazozizusha. Hakuwa mtu wa Meru wala wa Embu. Hata hivyo, bila wagonjwa wa Kenya, kazi iliyomjengea jina isingekuwa ile tunayoijua, na mgonjwa wa saratani ya damu anayelazwa leo katika hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu anatibiwa kwa elimu ambayo kazi hiyo ilisaidia kuijenga.

Ramani ya uvimbe wa taya

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, aliitwa katika wodi ya hospitali ya Mulago na mwenzake Hugh Trowell. Alionyeshwa mtoto wa miaka mitano aliyevimba mataya, kulia na kushoto, juu na chini. Si jipu, si mfupa ulioambukizwa. Muda si mrefu, akiwa hospitalini Jinja, akachungulia dirishani na kuona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Akarudi kwenye mafaili ya hospitali, na kadiri alivyozidi kupekua ndivyo alivyozidi kuwaona watoto hao. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu saratani hiyo, ambayo sasa inaitwa limfoma ya Burkitt.

Burkitt hakuwa mtu wa maabara. Alituma vikaratasi vyenye picha kwa madaktari wa sehemu nyingi za Afrika akiwauliza kama wameuona uvimbe huo. Kisha Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakatoka Kampala kwa gari kuukuu na kuelekea kusini. Walisafiri wiki 10 na maili 10,000 hivi, wakiingia hospitali moja na kutoka nyingine. Waliporudi, ramani ilijichora yenyewe. Karibu na ikweta, uvimbe ulikuwa haba sana juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Kadiri mtu anavyokwenda kusini, mstari huo unashuka. Ulikuwa ugonjwa wa mahali penye joto na mvua.

Mtaalamu wa virusi na mbu wa Entebbe, Alexander Haddow, alipoitazama ramani hiyo aliona kitu alichokizoea: ilifanana na ramani za magonjwa yanayoletwa na wadudu. Naye Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyefanya utafiti Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaelekeza kidole kwa malaria. Mwaka 2004, Profesa Walter Mwanda wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walipochapisha uchunguzi wa mgawanyo wa ugonjwa huo nchini kwa maeneo, umri, jinsia na makabila, kanda za Ziwa na Pwani zilikuwa bado zimebeba mzigo mkubwa.

Kwa hiyo anayeshuka kutoka Meru mjini hadi Tharaka, mwendo wa saa chache tu, anaupita mpaka ambao Burkitt aliutafuta kwa miezi. Ila nyanda za juu nazo zilikuwa na msalaba wao. Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, alichunguza saratani ya nyuma ya pua, akaona inawapata watu wa sehemu za baridi, akashuku moshi wa jikoni katika nyumba zisizo na dohani. Ni Clifford huyohuyo aliyekuwa akiwatibu watoto wenye limfoma ya Burkitt kwa dawa mpya za saratani, na ni kupitia kwake Stockholm iliunganishwa na Nairobi.

Kijana aliyetoroka kwenye stesheni

George Klein alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1925 katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga. Mwaka 1944, Wajerumani walipoikalia nchi hiyo, alipata kazi ya ukarani katika Baraza la Wayahudi. Huko akasomeshwa kwa siri ripoti ya watu wawili waliotoroka kambi ya Auschwitz, iliyoeleza wazi yaliyokuwa yakiwapata waliopelekwa huko. Alikuwa hajatimiza miaka 19. Akawaeleza jamaa zake, wengi hawakuamini. Zamu yake ya kupakiwa kwenye garimoshi ilipofika, alichoropoka stesheni akakimbia, akajificha hadi majeshi ya Kisovieti yalipoingia Januari 1945.

Vita vilipokwisha akaanza udaktari. Mwaka 1947 alikutana na Eva, mwanafunzi mwenzake, wakaoana, na mwaka huohuo akapata kazi katika taasisi ya Karolinska mjini Stockholm chini ya Torbjörn Caspersson. Eva akamfuata. Tangu hapo walifanya kazi bega kwa bega, na anayesimulia habari za George bila Eva anapunja nusu ya habari. Eva ni miongoni mwa walioanzisha elimu ya seli za kinga zinazoua seli za saratani bila kufundishwa, na jina zinaloitwa nalo duniani, seli wauaji wa asili, lilitoka kwake.

Mwaka 1957 George akawa profesa, na idara ya biolojia ya uvimbe ikaundwa kwa ajili yake. Miaka ya mwanzo alishughulika na panya: panya wenye lukemia iliyoletwa na virusi, panya waliopandikizwa uvimbe ili kuona kama miili yao itaukataa. Mwaka 1969, pamoja na Henry Harris wa Oxford, alionyesha jambo lililowashangaza wengi: seli ya saratani ikiunganishwa na seli ya kawaida, ukali wake unaweza kuzimika. Maana yake ni kwamba ndani ya seli nzima kuna jeni zinazoizuia saratani, na mgonjwa huugua pia kwa kupoteza kinga hizo. Leo fani nzima ya jeni za kuzuia uvimbe imesimama juu ya msingi huo.

Sampuli zinapaa kutoka Nairobi

Wakati huohuo London kulikuwa na habari nyingine. Machi 1961 kijana mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia, akaamini kuna virusi nyuma ya uvimbe ule. Akaomba vipande kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilicheleweshwa na ukungu, na chupa ilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwingine angeitupa akidhani imeingiwa na bakteria. Epstein akaweka tone chini ya hadubini: uchafu ule ulikuwa seli hai zinazoelea. Zikaota maabarani, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr.

Akina Klein waliingia hapo. Katikati ya miaka ya 1960 walianza kushirikiana na Clifford, na mwaka 1966 makala yao ya pamoja ilichapishwa Marekani ikieleza namna kinga ya wagonjwa wa Nairobi ilivyokuwa ikiutambua uvimbe wao wenyewe. Vipande vya uvimbe na damu viliondoka Kenyatta, vikapanda ndege, vikapokelewa Stockholm, na vingine vikapelekwa kwa watafiti wa nchi nyingine. Mwaka 1970 Harald zur Hausen wa Ujerumani alitumia sampuli za njia hiyo kuonyesha kwamba vinasaba vya virusi vya Epstein-Barr vimo ndani ya uvimbe wa Burkitt na pia ndani ya saratani ya nyuma ya pua. Yaani virusi ni vilevile, lakini huzua saratani moja bondeni kwenye joto na nyingine juu kwenye baridi. Jina la Clifford limo katika orodha ya waandishi. Zur Hausen baadaye, mwaka 2008, alipata tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya virusi vya saratani ya mlango wa kizazi.

Kutoka katika ushirikiano huo ilizaliwa pia Daudi. Ndilo jina la kundi la seli lililooteshwa kutoka uvimbe wa tundu la jicho la kijana Mwafrika wa miaka 16, mwaka 1967. Seli hizo hazijaacha kugawanyika hadi leo. Zimo kwenye friza za maabara kila bara, na hutumika kupima kingamwili zinazoshambulia limfoma na baadhi ya lukemia, kama rituximab. Kundi jingine la aina hiyo, Namalwa, lilitumika kutengeneza intaferoni kwa wingi kiwandani, dawa iliyowahi kuwa tegemeo la wagonjwa wa aina moja ya lukemia.

Hapa panahitaji kusemwa wazi. Katika zama hizo wagonjwa hawakuulizwa kama wanavyoulizwa sasa, na hakuna senti ya dawa hizo iliyowarudia kwa sababu ya seli zao. Leo mtafiti hawezi kuchukua sampuli nchini bila idhini ya kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI na sahihi ya mgonjwa. Utaratibu huo unachosha, lakini una sababu.

Kipande kilichohama

Wataalamu walishajua tangu 1960 kwamba saratani inaweza kuacha alama kwenye kromosomu. Mwaka huo Peter Nowell na David Hungerford, wa Philadelphia, waligundua kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi. Tatizo lilikuwa kuzitofautisha kromosomu, kwa kuwa chini ya hadubini nyingi zilifanana. Caspersson, bosi wa zamani wa Klein, pamoja na Lore Zech, ndio waliopata ufunguo: rangi itokanayo na kwinakrini, dawa iliyotumika kutibu malaria wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kromosomu zikipakwa rangi hiyo hung'aa kwa mistari, na kila moja ina mistari yake.

Kwa mbinu hiyo, Janet Rowley wa Chicago alizikata picha za kromosomu kwa mkasi kwenye meza ya chakula nyumbani kwake, watoto wake wakimtania kwamba mama anacheza na wanasesere wa karatasi. Mwaka 1973 alithibitisha kwamba kromosomu fupi ya Philadelphia haikupoteza kipande chake bure: namba 9 na namba 22 zilikuwa zimebadilishana vipande.

Upande wa limfoma ya Burkitt, mwaka 1972 George Manolov na Yanka Manolova, watafiti kutoka Bulgaria, waliona kipande cha ziada kwenye kromosomu namba 14. Mwaka 1976 Zech, Klein na wenzao wakaonyesha kimetoka wapi: namba 8. Wengi wangeridhika na ugunduzi huo. Klein akauliza swali la maana zaidi: kwa nini hapo? Kwenye namba 14 ndipo zilipo jeni zinazotengeneza kingamwili, na katika seli nyeupe za aina ya B jeni hizo hazizimwi. Mwaka 1981, katika jarida la Nature, alitoa wazo kwamba kipande kilichohama kimebeba jeni ya ukuaji ambayo sasa inaamriwa na jirani yake mpya. Fikiria mradi wa maji kijijini, ambao bomba la shamba lako hufunguliwa kwa zamu. Fundi akiliunganisha na bomba kuu lisilofungwa, shamba linazama. Mwaka 1982, maabara kadhaa za Marekani zikamthibitishia: jeni iliyohama inaitwa MYC.

Mlolongo mzima sasa unaeleweka. Malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huzichochea seli zake za B zigawanyike bila kupumzika. Virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu kila mtoto wa kwetu huvipata mapema, huzifanya baadhi ya seli hizo zisife kwa urahisi. Kimeng'enya kinachokata vinasaba ili kingamwili iboreshwe hufanya kazi kupita kiasi, na siku moja kinakata pasipostahili. MYC inahama. Ndiyo sababu ya ule mstari wa mita 1,500: mbu hakuufuata mlima, na bila mbu mlolongo hukatika mwanzoni.

Klein alistaafu rasmi mwaka 1993, lakini hakuacha kufanya kazi, na aliandika pia vitabu vya insha kwa Kiswidi. Alifariki Desemba 2016 akiwa na miaka 91.

Kutoka kromosomu hadi kidonge

Faida ya sayansi hii kwa mgonjwa ilionekana kwanza kwenye lukemia sugu ya mieloidi. Kromosomu 9 na 22 zinapobadilishana vipande, huzaa jeni mseto iitwayo BCR-ABL, nayo hutoa protini inayoiamuru seli igawanyike usiku na mchana. Wanakemia na daktari Brian Druker wa Oregon wakatafuta dawa ya kuiziba protini hiyo peke yake. Imatinibu, inayouzwa kama Glivec, iliidhinishwa Marekani Mei 10, 2001. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya miaka michache ukawa wa kumeza kidonge kila siku na kuendelea na maisha.

Kenya haikuachwa nyuma sana. Kupitia mpango wa msaada wa mtengenezaji na shirika la Max Foundation, wagonjwa wetu walianza kupata dawa hiyo bila malipo, na kituo kilikuwa Nairobi. Sharti lilikuwa moja: kuthibitisha kwamba mgonjwa ana kromosomu ya Philadelphia au BCR-ABL. Dawa imo ndani ya mpango, lakini mlango wake ni kipimo cha jeni. Asiyepimwa hapati.

Na hapo ndipo mkulima wa miraa wa Igembe au mama wa Siakago anapokwama. Hospitali za rufaa za Meru na Embu sasa zinatoa kemotherapia, jambo ambalo miaka michache iliyopita lilimaanisha safari ya Nairobi. Mtu anayehisi uzito tumboni upande wa kushoto, chini ya mbavu, mwenye chembe nyeupe zilizopanda mno, anaweza kutambuliwa na fundi wa maabara mwenye hadubini nzuri. Lakini ili kujua ni lukemia ya aina gani, sampuli ya damu au ya uboho hufuata barabara kwenda Nairobi, na mgonjwa anangoja. Lukemia ya ghafla haingoji.

Si lazima iwe hivyo. Mashine ya GeneXpert, ambayo serikali na wafadhili wamezisambazia hospitali nyingi za kaunti ili kupima kifua kikuu, ina katriji ya kupima BCR-ABL pia. Badala ya makohozi unaweka damu. Majibu hutoka siku hiyohiyo. Mashine ipo na fundi yupo. Linalokosekana ni katriji, bajeti na mtu wa kuliona jambo hilo kuwa la dharura. Mlimani tuna vyuo vikuu vya umma, vikiwemo Chuka na Meru cha Sayansi na Teknolojia, vilivyopewa hati mwaka 2013, na Embu, mwaka 2016. Vijana wanaosomea biokemia na maabara huko hawana haja ya kusubiri Stockholm ifungue mlango.

Kwa miaka 60, Kenya imekuwa ikitoa sampuli na kupokea majibu. Majibu hayo ni mazuri, yameokoa watu wengi duniani, na George Klein anastahili heshima yake. Lakini nchi iliyotoa seli za kufundishia ulimwengu mzima haifai kumwambia mgonjwa wa Maua asubiri bahasha kutoka mji mkuu ili ajue jeni zake zimefanya nini. Mabunge ya kaunti ya Meru, Tharaka-Nithi na Embu yanapokaa kupitisha bajeti za afya, katriji za BCR-ABL na mafunzo ya mafundi wachache ni matumizi madogo kuliko ukarabati wa ukumbi.

Nawe msomaji, usingoje bajeti. Mtoto akivimba taya au tumbo ghafla, akiwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, akipauka, akitoka damu kwenye fizi au akipata madoa ya michubuko bila kuanguka, usimzungushe kwa waganga na maduka ya dawa. Mpeleke hospitali, omba apimwe damu nzima, na ukiambiwa chembe nyeupe si za kawaida, omba rufaa siku hiyohiyo. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote, na pia ni miongoni mwa zinazosikia dawa haraka kuliko zote. Anayewahi ana nafasi kubwa ya kupona.